Mwalimu Mpya, Basi Linakungoja! Vidokezo vya Kuwapeleka Watoto wa Nakivale Ziara ya Mbarara

Hongera, mwalimu! Vumbi la chaki ya muhula wako wa kwanza halijakutoka vidoleni, na tayari mkuu wa shule amekukabidhi darasa zima la sita (P6) ulipeleke ziara Mbarara. Furaha ipo, na tumbo nalo linakoroga kidogo, sivyo? Ni haki yako. Darasani mtoto ana kuta nne zinazomzuia. Akishuka kwenye basi katikati ya Mbarara, ana mji mzima mbele yake na miguu inamwasha.

Habari njema ni kwamba kusimamia ziara ni kazi inayofundishika, na sehemu kubwa yake inamalizika kabla basi halijawashwa. Vidokezo hivi ni vya mtu mwenye rundo la madaftari mezani na dakika chache za chai. Haya, twende!

1. Sehemu mbili, basi!

Kila mwalimu mpya anataka kuonyesha kila kitu: chuo kikuu, soko kuu, kiwanda cha maziwa, hospitali, na tukiwahi, makumbusho. Matokeo yake watoto wanaona madirisha ya basi siku nzima. Chagua sehemu mbili tu, tena zenye uzi mmoja unaoziunganisha.

Unataka uzi wa bure kabisa? Fuata maji. Mto Rwizi unateremka kutoka vilima vya Buhweju, unakatiza katikati ya Mbarara, kisha unaelekea mashariki hadi kwenye maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale. Maana yake, maji yanayopita chini ya daraja la Mbarara yanakuja kwetu, kwenye ziwa lile lile ambalo maji yake yanasukumwa, yanasafishwa na kufika kwenye mabomba ya kambi yetu ya wakimbizi. Anza asubuhi kwenye mitambo ya maji hapa hapa Nakivale (omba ruhusa mapema), halafu nendeni mkautazame mto mjini. Mtoto anayebeba jerikeni kila jioni atakuwa na maswali mengi kukuzidi wewe. Kwa nini mto umepungua? Nani analima hadi ukingoni? Nani anachota mchanga, nani anafyatua matofali? Mwambie pia kwamba vinamasi hivi vya Mburo na Nakivale viliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa. Mtazame anavyonyoosha mgongo akisikia kwamba dunia inalijua ziwa lake!

Mnapenda historia zaidi? Kituo cha utamaduni cha Igongo kipo Biharwe, kilomita zipatazo 12 kutoka Mbarara kwenye barabara ya Masaka. Kina makumbusho ya maisha ya Ankole: vyombo vya maziwa, nyumba za kale, ng'ombe wa pembe ndefu. Jirani yake kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba jeshi la mfalme wa Bunyoro lilikuwa linarudi na ng'ombe wa kuteka, jua likazimika mchana kweupe, askari wakakimbia na kuwaacha ng'ombe pale pale Biharwe. Hadithi ya namna hiyo huhitaji kumnyamazisha mtoto yeyote ili aisikilize.

Mbuga ya Ziwa Mburo nayo ni tamu, ina pundamilia, pofu, viboko, na twiga walioletwa kutoka Murchison Falls mwaka 2015. Ila gharama yake ni ya juu. Iweke akiba ya mwakani.

2. Alhamisi ni rafiki yako

Kabla hujapanga chochote, itazame kalenda kwa macho ya darasa lako. Jumamosi? Wasabato wako hawaji, na darasani kwetu si wachache. Ijumaa? Watoto wa Kisomali na Waislamu wengine wana swala ya mchana. Jumatano? Waorthodoksi kutoka Ethiopia na Eritrea wana mfungo, kama ilivyo Ijumaa pia. Jumatatu kila mtu bado ana usingizi. Zinabaki Jumanne na Alhamisi, na Alhamisi inakupa siku tatu kamili za kukumbushana. Chungulia pia Ramadhani inaangukia lini. Dakika tano za kalenda zinakuokoa na wiki nzima ya kuombana radhi.

3. Karatasi kwanza

Hiki nakiri hakina utamu, kwa hiyo tukimbie nacho. Barua ya mkuu wa shule. Ruhusa ya ofisi ya elimu ya wilaya, Isingiro. Taarifa kwa OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) hapa kambini, maana unawatoa watoto nje ya kambi na ofisi lazima ijue. Fomu ya kila mzazi au mlezi yenye sahihi au alama ya kidole. Orodha ya majina nakala tatu: moja kwako, moja kwa mwalimu mwenzako, moja inabaki shuleni. Yote kwenye bahasha moja ngumu, na bahasha hiyo haitoki mkononi mwako hata wakati wa kula. Umemaliza! Pumua.

4. Tangazo lipite mdomoni

Barua ya Kiingereza iliyokunjwa mfukoni mwa mtoto ina nafasi nzuri sana ya kufuliwa pamoja na kaptula. Na hata ikifika, bibi anayemlea mtoto huyo huenda anasoma Kifaransa, au Kinyarwanda, au hasomi kabisa. Mtafute mwenyekiti wa RWC (baraza la wakimbizi) wa kila kijiji wanakotoka watoto wako, umweleze kwa Kiswahili, yeye ajue namna ya kulifikisha. Tangazo likipita kanisani, msikitini na kisimani, limefika.

Saa nazo zisemwe kwa ukamilifu: "saa moja asubuhi, jua likiwa limeshatoka". Ukiandika "1:00" peke yake, kuna mzazi atakayemleta mtoto baada ya chakula cha mchana, na atakuwa na haki.

5. Pesa: mapema, kidogo kidogo, na kimyakimya

Msaada wa chakula umepunguzwa miaka hii, na kila familia inahesabu. Kwa hiyo tangaza mchango muhula mmoja kabla, mzazi alipe kwa vipande anavyoweza. Andika kila shilingi mbele ya aliyeitoa. Halafu, na hapa nakusihi kabisa, usiwasome wasiolipa mbele ya darasa. Kaa na mkuu wa shule na kamati ya wazazi mapema, mpange jinsi ya kufidia nafasi kadhaa: fungu dogo la shule, mfanyabiashara mwenye moyo wa hapa kambini, kule Base Camp, kikundi cha akiba cha akina mama. Majina ya watakaofidiwa yajulikane na watu wawili tu. Mtoto akipanda basi asijue nani amelipiwa na nani, ziara inakuwa ya wote.

6. Waambie mtarudi

Ukiwa na muda wa kusoma kidokezo kimoja tu, soma hiki.

Nakivale imekuwa ikipokea watu tangu mwaka 1958. Watoto wengi wa darasa lako hawakuzaliwa hapa, walikuja. Fikiria aliyetoka Kongo kupitia Bunagana: alisubiri Nyakabande kule Kisoro, siku moja akasomwa jina, akapewa nafasi kwenye basi, akapita Kabale, Ntungamo na Mbarara, akashushwa kituo cha mapokezi cha Kabazana. Hiyo ndiyo Mbarara anayoijua. Sasa wewe, kwa nia njema kabisa, unasimama mbele yake na orodha mkononi, unasoma majina, unahesabu vichwa, unasema "pandeni haraka". Wengine watacheka kwa furaha. Mmoja au wawili watanyamaza, au watasema tumbo linauma, au asubuhi hiyo hawataonekana.

Unaweza kufanya mengi, na yote ni mepesi. Wiki moja kabla, chora njia ubaoni: shule, Isingiro, Mbarara, kisha mstari wa pili wa rangi nyingine unaorudi hadi mlangoni mwa darasa. Chora wa kurudi mnene zaidi! Kila siku uliza, "Tunarudi saa ngapi?" na darasa zima lijibu kwa sauti, hadi wimbo huo uwachoshe. Mbele ya mtoto, mwambie mzazi wake saa ya kurudi na mahali pa kumpokea, ili mtoto asikie watu wazima wawili wakikubaliana juu yake. Dereva akiweza kufika jioni iliyotangulia, waache wapande, wakae, washuke, wachungulie usukani. Basi waliloshuka mara moja wakaenda nyumbani kulala halitishi tena.

Aliye na mdogo wake au rafiki wa damu, mkalishe naye. Anayetaka kiti cha karibu na mlango, mpe. Waeleze mapema kwamba afande wa barabarani anaweza kusimamisha basi, atazungumza na dereva, atatazama karatasi, na mtaendelea na safari. Na lile neno la utani ambalo walimu tunalipenda mno, "ukichelewa tutakuacha", lifungie kabatini siku hiyo. Hapa Nakivale wapo watoto walioachwa kweli.

Atakayekataa kupanda asilazimishwe wala asichekwe. Mpangie kazi ya heshima shuleni: kupokea simu yako pamoja na mwalimu wa zamu na kuandika ubaoni basi limefika wapi. Mwakani huenda akawa wa kwanza mlangoni.

7. Pacha wa safari

Kila mtoto apate pacha, na pacha hao wawe na angalau lugha moja wanayoelewana vizuri. Mgeni aliyefika mwezi uliopita mpe pacha mzoefu, anayeweza kumtafsiria Kirundi au Kisomali hadi Kiswahili bila kumchoka. Sheria ni moja: humwoni pacha wako, unapaza sauti. Papo hapo. Hata kama mwongoza wageni wa makumbusho yuko katikati ya sentensi tamu.

Kisha ungeni jozi tano au sita za pacha kuwa kundi la mtu mzima mmoja, lenye jina. Twiga, Pofu, Pundamilia, Kiboko. (Jiandae: kila mtu anataka kuwa Twiga. Pigeni kura.)

8. Hesabu kabla hujaambiwa

Hesabu wakipanda, wakishuka, wakitoka chooni, wakimaliza kula, na kila unapohisi uvivu wa kuhesabu. Kuhesabu vichwa vinavyorukaruka ni kazi ya mateso, kwa hiyo mpe kila mtoto namba na wajihesabu wenyewe kwa kupaza sauti. Ili wasichoke, geuza lugha: kituo cha kwanza Kiswahili, cha pili Kinyarwanda, cha tatu Kisomali, cha nne Kiamhara, wenye lugha hiyo wakiwafundisha wenzao. Watakuwa wanakudai kuhesabiwa!

Asubuhi, piga picha ya kila kundi kwa simu. Mtoto akipotea, hutahitaji kukumbuka alivaa sweta gani. Mfukoni mwa kila mmoja tia kikaratasi chenye jina la shule na namba mbili za simu. Jina la mtoto usilibandike kifuani, maana mtu yeyote barabarani akilisoma ataweza kumwita kama anamjua. Na wafundishe hili hadi walote: ukipotea, simama hapo hapo. Usitufuate, usitutafute. Simama, mwambie mama mwenye watoto au askari wa mlangoni, mwonyeshe kikaratasi. Mwalimu atarudi kwa njia ile ile mliyopita.

9. Dereva ana barua yake

Hesabu viti, usihesabu matumaini. Kosta ya viti thelathini hubeba thelathini, watu wazima wakiwemo. "Wawili wawili watabanana" si mpango. Mwandikieni dereva au tajiri wake makubaliano mafupi: bei yote pamoja na mafuta na kusubiri, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, hakuna kupakia abiria njiani. Ondoka Mbarara saa tisa alasiri, ili barabara ya vumbi kutoka Isingiro muimalize jua lingali juu. Msimu wa mvua ongeza saa nzima. Na dereva naye ale, ale vizuri, wakati mnakula. Mtu aliyeshiba hana haraka ya kufika.

10. Kavera mfukoni, uji tumboni

Mtoto asiyezoea gari atatapika. Hii si bahati mbaya, ni ratiba. Asubuhi uji mwepesi, mandazi yangoje. Wanaojijua wakae mbele, dirisha likiwa wazi kidogo, macho yakitazama mbali kwenye vilima vya migomba ya Isingiro, sio kwenye simu ya mwalimu. Beba kavera (mifuko ya plastiki) za kutosha, kopo la mchanga, jerikeni ya maji na kitambaa. Wa kwanza akitapika, watatu watamfuata kwa huruma, kwa hiyo anzisha wimbo mara moja, mkubwa, wa makofi. Safisha huku unaimba. Aliyetapika mpe sekunde chache za kusuuza mdomo na kazi ya kushika kitu fulani muhimu. Kabla hamjafika Mbarara atakuwa amesahau.

11. Sahani moja kwa imani zote

Nyama iache nyumbani. Muislamu hatakula asichojua kimechinjwa vipi, na hana haja ya kukueleza mbele ya wenzake. Rolex ya chapati na yai ni tamu, lakini kama ziara imeangukia siku ya mfungo, Mwethiopia wako hatagusa yai. Jibu la Uganda nzima lipo tayari: kikomando! Chapati na maharage, kila mtu anakula, kila mtu anashiba, bei inavumilika. Agiza siku moja kabla kwa mama mmoja, ukitaja idadi na saa. Ongeza ndizi mbivu, moja kwa kila mtoto.

12. Choo kabla ya yote

Mkifika tu, choo. Kabla ya hotuba ya mwenyeji, kabla ya picha. Mjini panga mapema na kituo cha mafuta, kanisa au msikiti, nunua kitu kidogo, shukuru, acha pasafi. Wasichana wa P6 wawe na mwalimu wa kike au mama mmoja wanayeweza kumnong'oneza, mwenye pedi, sabuni na sweta la ziada kwenye mkoba. Watajie wasichana jina lake faraghani siku moja kabla, ili asiwepo wa kuhangaika peke yake.

13. Swali moja mkononi

Usiwape karatasi yenye maswali ishirini. Watanakili kutoka kwa mwenye mwandiko mzuri na hawatatazama kitu. Kila pacha wawili wapewe swali moja tu, lao, tofauti na la wengine. "Maji ya mto yana rangi gani, na unadhani kwa nini?" "Chombo hiki cha maziwa kinafanana na kipi cha kwenu?" Hilo la pili lina hazina ndani yake. Mtoto wa Kisomali ataeleza chombo cha maziwa ya ngamia, wa Rwanda atakitambua cha Ankole kana kwamba kimetoka kwa bibi yake.

P6 wanasoma Afrika Mashariki, na darasa lako ni Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe imekaa kwenye madawati: Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia ikakubaliwa 2023. Mwombe mwongoza wageni aulize nani anatoka wapi, ikiwa tu watoto wenyewe wanataka kusema. Kisha kaa kimya uwaache wao wafundishe.

14. Kesho yake, wape chaki

Ijumaa asubuhi usianze na mtihani. Waache P6 waingie P5 na kuwasimulia, kila kundi dakika tano, wakichora Mto Rwizi ubaoni kutoka Buhweju hadi ziwa letu. Utasikia mambo ambayo hukuyaona kabisa, maana ulikuwa unahesabu. Andikeni barua mbili za shukrani, moja kwa mwenyeji na moja kwa dereva; madereva hawaandikiwi, na huyu mtamtaka tena.

Wewe nawe chukua ukurasa mmoja ungali unakumbuka: bei ya kosta, mama wa chapati alipika vipi, choo gani kilikuwa safi, saa ngapi hasa mliondoka na saa ngapi mlifika, nani alihitaji kiti cha mlangoni. Ukurasa huo utie kwenye ile bahasha ngumu, umkabidhi mkuu wa shule. Mwalimu atakayepewa P6 mwakani aanzie hapo.